Mwizi Ana Jina

 Mlioko Sirari karibu na foleni ya malori, mlioko Nyamongo na Nyamwaga, na ninyi wa Mugumu, Natta na Robanda, sogeeni karibu na redio. Jambo la leo ni zito, na nalisema nikiwa na uchungu nalo.

Yapo makundi yanayoua watu kwa jina la dini yangu. Kabla ya risasi na bomu hutangulia maneno. Maneno hayo hupangwa kwa ustadi, yakarekodiwa, yakatumwa kutoka simu hadi simu, na kazi yake ni kumwaminisha kijana kwamba Waislamu na watu wa Magharibi wako vitani tangu zamani, na vita hiyo haina mwisho, kwa hiyo achague upande. Nauliza leo: maneno ya namna hiyo yanashindwa na nini?

Najua wapo watakaosema hayo ni ya Mogadishu, ya Mombasa, ya Cabo Delgado huko Msumbiji, na kwamba sisi wa Mara shida zetu ni wizi wa ng'ombe, mgodi, na tembo wanaotoka hifadhini kuja kumaliza mahindi. Basi tuanze na ziwa letu wenyewe.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Mamia ya watu walikufa maji, na Kanda ya Ziwa nzima ililia. Miongoni mwa waliozama alikuwamo mgeni kutoka Misri aliyejulikana kwa jina la Abu Ubaidah al-Banshiri. Abiria wenzake hawakumjua. Alikuwa mkuu wa mambo ya kijeshi wa al-Qaeda, mtu wa karibu wa Osama bin Laden, naye alikuwa akijenga mtandao wa kundi hilo hapa Afrika Mashariki. Alipita katika bandari zetu na alikufa katika maji yetu, pamoja na wafanyabiashara wa ndizi na kina mama waliobeba watoto.

Mtandao wake haukuzama naye. Miaka miwili baadaye, Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, mabomu mawili yalilipuka asubuhi, karibu kwa wakati mmoja, kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213. Dar es Salaam walikufa 11. Waliolipua walitangaza kwamba wameipiga Marekani. Tuwaangalie basi waliokufa. Kati ya wale 213 wa Nairobi, Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki walikuwa watu wetu: makarani, walinzi, wapita njia, na wasichana waliokuwa wakisomea ukatibu muhtasi katika jengo la Ufundi, lililoporomoka likawafunika. Dar es Salaam hakufa Mmarekani hata mmoja. Na miongoni mwa waliohukumiwa kifungo cha maisha kule New York kwa kushiriki mauaji hayo walikuwamo vijana wawili wa Zanzibar: Khalfan Khamis Mohamed mwaka 2001, na Ahmed Khalfan Ghailani mwaka 2011. Vijana hao walizaliwa katika nchi yetu na Kiswahili ndiyo lugha waliyokua nayo.

Kiswahili hicho hicho ndicho alichotumia Aboud Rogo Mohammed pale Mombasa. Rogo alikuwa mhubiri mwenye sauti kali na ufasaha mkubwa, na mawaidha yake yaliuzwa kwenye kanda na diski, kisha yakaingia kwenye simu. Alipigwa risasi barabarani tarehe 27 Agosti 2012 akiwa na familia yake, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa kifo hicho. Sauti yake ikabaki. Ilivuka Ruvuma ikawafikia vijana wa Cabo Delgado, na miongoni mwa wapiganaji walioanza vita kule Oktoba 2017 walikuwamo waliosikiliza rekodi hizo. Oktoba 2020 wapiganaji wa upande ule walivuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara, wakaua Watanzania. Agosti 2021, Dar es Salaam, mtu mmoja mwenye bunduki aliua askari watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi karibu na ubalozi wa Ufaransa kabla ya yeye mwenyewe kuuawa. Polisi walisema baadaye kwamba mafunzo yake aliyapata mtandaoni. Sasa niambie, mtandao ulioko Dar es Salaam ni mwingine na huu ulioko Sirari? Kijana wa bodaboda anayesubiri abiria pale mpakani ana simu ile ile na bando lile lile.

Nimewasikiliza wahubiri wa namna hiyo kwa makini. Hawaanzi na uongo, na ndiyo maana ni hatari. Huanza na jambo la kweli. Watakutajia vita vya Iraq vya mwaka 2003, vilivyoanzishwa kwa madai ya silaha ambazo hazikupatikana. Watataja gereza la Guantanamo, ambako watu wamekaa miaka na miaka bila kufikishwa mahakamani. Watakuonyesha watoto wa Gaza wakitolewa kwenye vifusi. Ukishaumia, na lazima uumie kama una moyo, wanalichomeka neno moja dogo: wote. Wamarekani wote. Wazungu wote. Wakristo wote wanaowaunga mkono, na Waislamu wote wasiopigana nao. Hapo ndipo mwanafunzi wa Garissa, muuza duka wa Westgate kule Nairobi na mkulima wa Kitaya wanapogeuka kuwa maadui wanaostahili kufa, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuikanyaga Iraq.

Watu wa Tarime, neno hilo ninyi mnalijua kuliko mtu yeyote. Nani hapa mwenye umri wa kutosha asiyekumbuka vita vya koo? Wanchari na Warenchoka, Wairegi na Wanyabasi, kila upande wa wilaya una majina yake. Vita hivyo huanzaje? Vijana watatu wanaingia kwenye boma la mtu usiku, wanatoa ng'ombe, wanawapeleka kusikojulikana. Alfajiri yowe linapigwa. Yowe halisemi vijana watatu. Linasema ukoo fulani umetuibia. Kufikia jioni nyumba zinaungua, na wanaokimbia na magodoro kichwani ni mabibi na wanafunzi ambao hata rangi ya ng'ombe wale hawaijui. Tumezika watu kwa namna hiyo. Serikali ikafikia kuifanya Tarime na Rorya kanda maalumu ya kipolisi, na bado polisi peke yao hawakuzima moto huo.

Pale ulipozimwa, mara nyingi ulizimwa kwenye ritongo, mkutano wetu wa jadi. Sitaki kuusifia mkutano huo kupita kiasi. Umewahi kutoza faini za kuwafilisi watu, umewahi kuwachapa watu ambao hatia yao haikuthibitishwa, na wanawake wamewekwa nje yake wakati wao ndio wanaozika. Hata hivyo wazee wetu walikuwa na utaratibu mmoja ambao natamani dunia nzima ingeuona. Nyayo za ng'ombe zikiingia kijiji fulani, wazee wa kijiji kile kile ndio wanaotakiwa kusema nyayo zimeishia boma la nani. Mgeni hatafuti mwizi ndani ya kijiji cha watu. Wenyeji wanamtaja wao wenyewe, kwa jina lake na jina la baba yake. Kijiji kikimtaja mwizi wake, ukoo mzima unapumua, kwa sababu lawama imepata mwenyewe. Kijiji kikimficha, hapo lawama inakuwa ya wote, na vita inarudi.

Mazungumzo kati ya Waislamu na nchi za Magharibi, kama yanataka kweli kuishinda propaganda, yafanywe kwa utaratibu huo. Kila upande uwataje wezi wake.

Nianze na upande wangu, maana sina haki ya kumtaka mwingine afanye ninachokikwepa. Sisi Waislamu tumezoea kusema magaidi hawana dini, kisha tunanyamaza tukidhani tumemaliza. Hatujamaliza. Al-Banshiri alikuwa Mwislamu. Ghailani ni Mwislamu. Wanaume waliowaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, wengi wao wanafunzi, waliwatenganisha vijana kwa dini zao kwanza, wakitumia maneno ya imani yangu kama mtihani wa kuishi au kufa. Nikisema hawanihusu, nyayo zimeingia kijijini kwangu na mimi nimekaa kimya. Wapo Waislamu waliokataa kukaa kimya na wakalipa. Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, alisimama Mombasa kupinga kuwapeleka vijana kwenye vita. Aliuawa kwa risasi Juni 2014. Jina lake halitajwi hata robo ya linavyotajwa la Rogo, na hilo ni kosa letu sisi tunaoshika vipaza sauti.

Halafu lipo basi la Mandera. Novemba 2014 wapiganaji wa al-Shabaab waliteka basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi, wakawatenga wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, walisimamisha basi jingine karibu na El Wak. Wakaamuru tena abiria wagawanyike. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwavisha Wakristo hijabu zao ili wasitambulikane, na abiria wakawaambia wenye bunduki kwamba kama ni kuua, waue wote pamoja au waondoke. Tazama neno hilo hilo, wote, lilivyogeuzwa likawa ngao. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi katika tukio hilo na akafariki Januari 2016 hospitalini Nairobi. Kisa chao kilitengenezewa filamu fupi iitwayo Watu Wote, iliyoongozwa na Katja Benrath, akiwa na wanafunzi wenzake wa filamu kutoka Hamburg na waigizaji wa Kenya, ikafika hadi kwenye kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar mwaka 2018. Wazungu waliotoka mbali kuja kuwasikiliza Waislamu wa kaskazini mwa Kenya na kulipeleka neno lao duniani, hao nao ni watu wa Magharibi, na mhubiri wa chuki hatakutajia habari zao hata siku moja.

Sasa upande wa pili. Nchi za Magharibi nazo zina nyayo zilizoingia kijijini kwao. Mwaka 2009 Rais Barack Obama alikwenda Cairo, tarehe 4 Juni, akatoa hotuba ya kuwanyooshea mkono Waislamu wa dunia. Sisi wa ziwani tulikuwa na sababu ya pekee ya kumsikiliza. Babu yake mzaa baba, Hussein Onyango Obama, alikuwa Mjaluo aliyesilimu, na mjane wake Mama Sarah wa Kogelo, ng'ambo ya mpaka, alikuwa Mwislamu hadi alipozikwa mwaka 2021. Uislamu na Marekani vimekutana ndani ya ukoo mmoja wa ziwa hili. Hotuba ilikuwa nzuri na naamini aliyeitoa alikuwa na nia njema. Lakini katika miaka iliyofuata ndege zisizo na rubani ziliendelea kupiga Pakistan, Yemen na Somalia, na waliokufa hawakuwa wapiganaji peke yao. Guantanamo aliyoahidi kuifunga haikufungwa. Wenye propaganda hawakuhitaji kutunga kitu. Walichukua sauti ya Cairo, wakaiweka juu ya picha za vifusi, wakamaliza kazi.

Kwa hiyo ninapomsikia balozi wa nchi fulani akisema kwenye semina kwamba vijana wetu wapewe elimu ya kupinga misimamo mikali, nakubaliana naye, kisha nasubiri aongeze la pili. Aseme vita vya Iraq viliamuliwa na nani, na huyo aliyeamua aliwajibishwa vipi. Asipolisema yeye, kijana atalisikia kwa mwingine, tena kwa ladha nyingine. Na kijana huyo huyo anastahili kujua pia kwamba Februari 2003, kabla vita havijaanza, mamia ya maelfu ya Waingereza waliandamana London kuvipinga. Habari hizo mbili zikisemwa mahali pamoja, neno wote halina pa kukaa.

Na serikali zetu, je? Hapa lazima nisimame kidogo. Aprili 2014 Kenya iliwakamata maelfu ya watu wa asili ya Kisomali na kuwafungia katika uwanja wa Kasarani, mama na mtoto, kwa kosa la kufanana na adui. Kwetu Tanzania, masheikh wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walikaa mahabusu kwa miaka wakituhumiwa ugaidi, hadi Juni 2021 mwendesha mashtaka alipoiondoa kesi bila hukumu yoyote kutolewa. Kama walikuwa na hatia, waliodhurika walistahili kuiona ikithibitishwa. Kama hawakuwa nayo, miaka ile nani atairudisha? Kila siku waliyokaa ndani bila hukumu ilikuwa siku ya mahubiri kwa mtu mwingine aliyekuwa nje akirekodi.

Mtu anaweza kuniuliza: mtu mdogo wa kijijini anaweza kweli kukaa mezani na wakubwa wa Magharibi akasema dai lake likasikilizwa? Kwa hilo sihitaji kwenda mbali. Niende Nyamongo.

Mgodi wa North Mara ulianza kuchimbwa mwaka 2002, na tangu 2006 umekuwa chini ya Barrick ya Canada, kwa majina yaliyobadilika. Hakuna mtu hapa asiyejua machungu yake: ardhi, fidia, maji, na vijana waliopigwa risasi walipoingia kwenye mawe ya taka kutafuta dhahabu. Mei 2011 waliuawa watu watano kwa siku moja. Sasa hebu fikiri. Kama lipo eneo la Tanzania ambako mhubiri wa chuki dhidi ya Wazungu angepata udongo wenye rutuba, ni hapo. Dai lipo, damu ipo, na Mzungu yupo.

Watu wa Nyamongo walifanya nini? Wengine walirusha mawe, sitaficha. Lakini mwaka 2013 kundi la wanakijiji lilipeleka dai lake Mahakama Kuu ya London dhidi ya kampuni iliyosajiliwa kule Uingereza. Kesi yao haikusema Wazungu wametuua. Ilitaja kampuni, ikataja siku, ikataja ndugu aliyekufa na aliyejeruhiwa. Kampuni ilikana kuwajibika, na mwaka 2015 shauri likamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Mawakili waliosimama upande wa wanakijiji walikuwa Waingereza. Wapo ambao hawakuridhika na matokeo, na madai mengine yakafuata hadi Canada, na mgogoro wenyewe haujaisha. Ninachokisema ni kwamba mzee wa Nyamongo asiyejua Kiingereza alimtazama mwanasheria kutoka London usoni, akamweleza kifo cha mwanawe, na yule akaandika. Baada ya hapo, mtu akija kumwambia mzee huyo kwamba Waingereza wote ni adui wa Mwafrika, atamuuliza: unamsema yupi, yule wa kampuni au yule aliyenisikiliza?

Ndiyo maana nina wasiwasi na mazungumzo yanayofanyika juu tu. Siyadharau. Oktoba 2007 wanazuoni 138 wa Kiislamu waliwaandikia Papa na viongozi wengine wa Kikristo waraka wa kuwaita kwenye neno la pamoja, mwaka mmoja baada ya mzozo mkubwa uliozushwa na hotuba ya Papa Benedikto wa 16 kule Ujerumani. Februari 2019 Papa Fransisko na Sheikh Ahmad al-Tayyib wa al-Azhar walitia saini Abu Dhabi hati ya udugu wa wanadamu. Ni kazi kubwa na inabaki katika historia. Lakini tuulizane kwa haki: nani kati ya wasikilizaji wangu amewahi kusomewa hati hiyo msikitini Tarime mjini, au kanisani Mugumu? Rekodi ya Rogo haikuhitaji ukumbi wala mkalimani kufika kwa kijana. Hati ya amani imefikaje kwake?

Na hapa kwetu tumezoea namna nyingine mbili za kukutana, na zote mbili hazitoshi. Moja ni mihadhara ya mashindano, ambayo tangu miaka ya 1980 imejaza viwanja nchini: huyu ameshika Biblia ya mwenzake, yule ameshika Qurani ya mwenzake, umati unashangilia anayemwaibisha mwingine. Hakuna anayetoka pale akimjua jirani yake vizuri zaidi. Februari 2013 katika kanda yetu hii ya Ziwa, kule Buseresere, mabishano ya nani achinje nyama ya bucha yalifika kwenye mapanga na mchungaji mmoja akauawa. Mei mwaka huo huo bomu likarushwa kwenye kanisa la Olasiti, Arusha, wakati balozi wa Papa akiwapo. Ile miezi ilitisha, na nakumbuka watu wazima wakinong'onezana mambo ambayo hawakuwahi kuyafikiri kabla. Namna ya pili ni vikao vya viongozi wa dini na mkuu wa wilaya: dua, hotuba, picha ya pamoja, posho. Kila mmoja anasema dini yetu ni ya amani, na hakuna anayesema dai lake. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Sisi Waislamu wa Tarime na Serengeti ni wachache. Tuko kwenye maduka, kwenye mabucha, kwenye magari ya mizigo, na baadhi yetu ni Wakurya tuliozaliwa na mila zile zile za majirani zetu. Uchache huo una faida ambayo ndugu zetu wa pwani hawana: hatuwezi kuishi bila kuongea na wengine. Mwislamu wa Mugumu ana shemeji Msabato na mteja Mkatoliki. Na kule hifadhini, dereva wa watalii Mwislamu anakaa siku nne au tano ndani ya gari moja na familia kutoka Ujerumani au Marekani. Wakifika Seronera anaomba dakika chache, anatandika mkeka, anaswali. Watoto wa wageni wanauliza, naye anawajibu. Jioni wao wanaulizwa mambo ya kwao, na pengine baba wa familia anasema kwa sauti ndogo kwamba kodi yake ilikwenda kwenye vita asivyovitaka. Mazungumzo hayo hayana ripoti wala mfadhili, lakini kila mmoja anarudi kwao akiwa na mtu mmoja anayemjua kwa jina upande wa pili.

Tumeshajifunza pia kwenye jambo jingine kwamba amri peke yake haibadilishi moyo. Sheria ya kupinga ukeketaji wa wasichana ilitungwa mwaka 1998, ule ule wa mabomu ya balozi. Kwa miaka mingi ilikuwa ni magari ya polisi msimu wa Desemba, na wazee wakisema hiyo ni sheria ya Wazungu. Mabadiliko yalianza kuonekana pale watu wa Masanga na wa Mugumu walipoanza kuwapokea wasichana waliokimbia, kukaa na ngariba na wazee wa mila, kusikia wanachoogopa kupoteza, na kuwapa wazazi nafasi ya kuongea na mabinti zao. Kazi haijaisha, ila hakuna anayeweza kuniambia kwamba mazungumzo ni maneno matupu.

Basi hiki ndicho ninachowaomba viongozi wa wilaya zetu mbili, mashekhe, wachungaji, mapadre na wazee wa mila. Iteni baraza la vijana, na waje vijana wenyewe, sio wawakilishi wao. Aje na mgeni wa Magharibi anayeishi hapa, si wa kupita: mtafiti wa Serengeti, mhandisi wa mgodi, sista wa zahanati. Saa ya kwanza iwe ya madai peke yake, na asikatizwe mtu. Kijana akitaja Gaza, aachwe aitaje. Mama aliyepoteza ndugu kwenye bomu la Nairobi akitaka kumuuliza shekhe swali, aulize, na shekhe ajibu bila kuzunguka. Wanawake wakae mbele, kwa sababu kwenye basi lile la El Wak hijabu zilizowaokoa watu zilikuwa za wanawake. Rekodi zinazozunguka kwenye simu zichezwe hapo hapo hadharani, sentensi baada ya sentensi, na kila inaposikika wote, mtu asimame aulize ni nani hasa, jina lake nani, na ushahidi uko wapi. Kijana aliyezoea kusikiliza rekodi hizo peke yake gizani na vipokea sauti masikioni atazisikia kwa mara ya kwanza mbele ya watu wanaoweza kuzijibu.

Ukumbi mkubwa wa mjini hauhitajiki. Tuanzie Sirari, pale stendi, karibu na mpaka, ambako Watanzania na Wakenya wanachanganyika na kila habari inafika mapema. Lifanyike jioni baada ya alasiri, maana mchana vijana wa bodaboda wako kazini, na wao ndio wa kwanza ninaotaka wawepo.